Barua ya Milton na Irabu za Kiitaliano

Tarehe 10 Septemba 1638, Mwingereza mmoja mwenye umri wa miaka 29 aliandika barua ya Kilatini mjini Florence. Mwandishi alikuwa John Milton, aliyekuja baadaye kusifika kwa utenzi wa Paradise Lost. Mwandikiwa alikuwa Benedetto Buonmattei, mwanasarufi aliyekuwa akiandaa kitabu juu ya lugha ya Toscana. Milton alimsihi aongeze maelezo machache kuhusu matamshi sahihi, kwa faida ya wageni.

Aliyeomba hakuwa mwanafunzi mchanga. Alikwisha kukisoma Kiitaliano kwa miaka, na wataalamu wengi huamini kuwa soneti zake 5 za Kiitaliano alizitunga kabla ya safari hiyo. Kwa nini basi atafute kanuni za kutamka?

Jibu limo katika historia ya kinywa cha Mwingereza. Tangu karne ya 15, irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa zikihama: i ilielekea kuwa ai, e ikawa i, huku tahajia ikibaki nyuma. Hata Kilatini kilisomwa shuleni kwa irabu hizo za nyumbani. Zaidi ya hayo, Kiingereza hudhoofisha irabu ya silabi isiyo na mkazo, hata isitambulike kama ni a, e au o.

Kiitaliano hakivumilii mazoea hayo. Kitabu ni libro, vitabu ni libri. Nyumba moja ni casa, nyumba nyingi ni case. Sisi huonyesha idadi mwanzoni mwa neno. Mwitaliano huionyesha mwishoni, mahali pale pale ambapo Mwingereza amezoea kulegeza ulimi. Konsonanti nazo zina urefu wake: nono ni “wa tisa”, nonno ni “babu”. Tena herufi 5 za irabu hubeba sauti 7, kwani e na o zina namna mbili kila moja, ya kufumbua na ya kubana. Pesca yenye e ya kufumbua ni tunda la pichi. Yenye e ya kubana ni uvuvi. Mwaka 1524 Gian Giorgio Trissino alipendekeza herufi za Kigiriki ziazimwe ili kuzitenga sauti hizo, lakini e na o zake mpya hazikushika. Mgeni aliyetegemea ukurasa peke yake aliachwa gizani.

Kwa mshairi, giza hilo lina gharama. Mshororo wa soneti ya Kiitaliano una mizani 11, na mkazo wake mkuu huangukia mizani ya 10. Irabu inayomaliza neno ikikutana na irabu inayoanza neno linalofuata, kwa kawaida zote mbili huhesabiwa mizani moja. Mtunzi wa Kiswahili, ambaye kwake “kaa” ni mizani 2, atalazimika kuizoea hesabu hiyo; lakini ataelewa upesi kwamba asiyezisikia irabu hawezi kuzipima, wala hawezi kujua kama vina vyake vimelingana.

Mwaka 1644 Milton alichapisha kijitabu kuhusu elimu. Humo alitaka vijana wanaosoma Kilatini wafundishwe matamshi yanayokaribia ya Waitaliano, hasa katika irabu. Alidai kuwa Waingereza, kwa kuishi kaskazini penye baridi, hawafumbui vinywa vyao vya kutosha. Sababu hiyo ya baridi haina mashiko, kwani mabadiliko ya irabu yalitokea ndani ya lugha yenyewe. Dawa, hata hivyo, aliipata. Soneti zake za Kiitaliano zilitoka katika diwani yake ya 1645, kando ya mashairi ya Kiingereza na Kilatini.

Msemaji wa Kiingereza anayejifunza Kiitaliano leo angali na kazi ile ile: kufumbua kinywa, na kuipa kila irabu haki yake, hasa ile ya mwisho.