Kiyoyozi cha boksi moja: kutoka bandarini hadi ukutani Nyabugogo

KIGALI – Nyabugogo ni mlango wa Kigali kwa abiria na mizigo. Stendi yake, ambayo wenyeji huiita gare, hupokea mabasi ya mikoani pamoja na yale ya Kampala na kwingineko katika ukanda huu. Pembeni yake yamejengwa maduka ya jumla, ofisi za usafirishaji, benki na majengo ya ghorofa. Katika majengo hayo ndiko mashine ya kupoza na kupasha hewa inayokaa nje ikiwa boksi moja inapata wateja. Makala hii inaeleza mambo ambayo mwagizaji, msafirishaji na mwenye jengo wanapaswa kuyajua kabla fedha haijatoka mfukoni.

Mashine yenyewe

Kiyoyozi cha kawaida kina vipande viwili, kimoja ndani na kingine nje, vinavyounganishwa kwa mabomba ya gesi. Cha boksi moja kina kompresa, feni na koili zote mbili ndani ya sanduku moja la bati linalowekwa chini nje ya jengo au juu ya paa. Kinachoingia ndani ni mifereji miwili ya hewa tu: mmoja hupeleka hewa iliyopozwa, mwingine hurudisha hewa ya chumbani. Gesi hutiwa kiwandani, hivyo fundi hana mabomba ya gesi ya kuchomelea kwenye eneo la kazi. Hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Tani ya ubaridi si tani ya mzigo

Wasafirishaji wawe waangalifu hapa. Mashine ikiandikwa tani 5, hicho si kipimo cha uzito. Tani moja ya ubaridi ni BTU 12,000 kwa saa, sawa na takriban kilowati 3.5. Kipimo hiki kilitokana na barafu iliyokuwa ikitumika kupoza vyumba zamani. Mashine ya tani 5 kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 200 hadi 300. Bei ya usafiri ipangwe kwa uzito na ujazo ulioandikwa kwenye orodha ya mzigo, si kwa jina la mashine.

Isafirishwe ikiwa imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huhama na kuingia kwenye mabomba. Iliyolazwa isimamishwe na kuachwa kwa saa 24 kabla ya kuwashwa. Safari ya kutoka Mombasa hadi Kigali ni takriban kilomita 1,700, na mtikisiko wa njia hulegeza nati na viungo. Dereva na mpokeaji wakague boksi pamoja wakati wa kushusha, na waandike kasoro kwenye hati ya kupokelea mzigo kabla ya kutia saini.

Forodha na gesi

Chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2014, ushuru wa mzigo wa Rwanda hutathminiwa na kulipwa wakati mzigo ungali bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Viyoyozi huingia chini ya namba 8415 ya vitabu vya forodha, na majokofu na vifaa vya vyumba baridi chini ya 8418. Kosa la namba huchelewesha lori mpakani, na gharama ya kusubiri humwangukia mwenye mzigo. Mpango wa njia nao usitegemee mpaka mmoja: Gatuna ilifungwa kwa magari ya mizigo Februari 2019 na kufunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, na kwa miaka hiyo malori ya Uganda yalilazimika kuzunguka.

Gesi iliyomo nayo ni suala la sheria. Ni Kigali hapa hapa ambako mataifa yalikubaliana, tarehe 15 Oktoba 2016, kupunguza gesi za jamii ya HFC zinazoongeza joto la dunia. Rwanda iliridhia makubaliano hayo mwaka 2017. R-410A ni ya jamii hiyo, na uwezo wake wa kuongeza joto ni zaidi ya mara 2,000 ya hewa ya ukaa. R-32 ni takriban mara 675, lakini inaweza kushika moto. R-22 ni ya kizazi cha zamani zaidi: nchi zinazoendelea zinapaswa kuacha kuiingiza ifikapo 2030, ikibaki kiasi kidogo tu cha matengenezo. Anayenunua mashine ya R-22 kwa bei ya chini leo ananunua tatizo la kutafuta gesi kesho. Mwagizaji aulize vibali katika Mamlaka ya Mazingira ya Rwanda, REMA, kabla ya kulipia mzigo.

Umeme: hapa ndipo fedha huungua

Mashine nyingi za aina hii hutengenezwa kwa soko la Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60. Rwanda, kama majirani zake, inatumia hezi 50, volti 230 kwa fezi moja. Mota iliyotengenezwa kwa volti 230 na hezi 60 ikiunganishwa Nyabugogo itazunguka polepole kwa moja ya sita, itavuta mkondo mkubwa kuliko ilivyopangiwa, itapata joto na hatimaye kuungua. Transfoma ya kubadili volti haibadili hezi. Soma kibao cha mashine kabla ya kulipa, na kama muuzaji hana picha ya kibao hicho, tafuta muuzaji mwingine.

Piga hesabu ya matumizi pia. Mashine ya tani 5 hutoa ubaridi wa kilowati 17.6. Ikiwa na ufanisi wa 3.2, itavuta kilowati 5.5. Kwa saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hizo ni uniti 1,144 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa kwenye Cash Power, ndipo uamue.

Je, unahitaji ya kupasha joto? Wastani wa joto la Kigali ni takriban nyuzi 20 mwaka mzima. Kwa maduka mengi ya Nyabugogo, inayopoza tu inatosha.

Hatua za kufunga

1. Mahali. Bonde la Nyabugogo hufurika mvua ikizidi, hasa karibu na mfereji wa Mpazi. Jukwaa la zege liinuliwe juu ya alama ya mafuriko ya jirani. Kwenye paa, mabati peke yake hayabebi mzigo huu: fremu ya chuma ikae juu ya kuta au nguzo.

2. Nafasi. Acha mita moja upande wa koili. Tundu la hewa safi lisielekee mabasi, la sivyo moshi wa dizeli utaingia dukani.

3. Mifereji. Izibwe viungo, ifunikwe kwa kizuia joto na kukingwa na mvua.

4. Maji. Bomba la kutolea maji liwe na kona ya U na mteremko.

5. Umeme. Weka swichi ya kukata umeme karibu na mashine, sakiti breka yake yenyewe, waya wa ethi na kinga ya volti. Fezi tatu zikikosewa mpangilio, kompresa ya skroli huzunguka kinyume: inapiga kelele bila kupoza na huharibika haraka.

6. Majaribio. Pima mkondo na ulinganishe na kibao. Hewa inayotoka iwe baridi kuliko inayorudi kwa takriban nyuzi 8 hadi 12.

Kigali iko juu, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Mwambie muuzaji mwinuko wa mahali ili akupe uwezo halisi wa mashine, na malipo ya mwisho ya fundi yasubiri majaribio hayo.