Taji la Mkulima wa Mizabibu

Mchumia juani, wahenga walisema, hulia kivulini. Walakini katika historia ya kilimo aghalabu mchumaji amekuwa mmoja, na mlaji wa kivulini amekuwa mwingine. Kisa cha mji wa Vevey, katika jimbo la Vaud nchini Uswisi, chastahili kutazamwa kwa kuwa huko watu walijaribu, kwa namna yao, kumrudishia mchumaji sehemu ya heshima yake.

Kando ya Ziwa la Geneva, tangu viunga vya Lausanne hadi karibu na ngome ya Chillon, mwendo wa kilomita 30 hivi, milima imepangwa matuta yenye kuta za mawe. Nchi hiyo huitwa Lavaux. Matuta hayo asili yake ni karne ya 11, wakati watawa wa Kibenediktini na wa Kisistersia walipoitawala ardhi hiyo. Wenyeji husema kuwa mizabibu yao huota jua tatu: jua la mbinguni, jua linaloakisiwa na maji ya ziwa, na joto litolewalo na mawe. Lakini jua hazilimi. Mteremko ni mkali, na udongo ulioporomoshwa na mvua ulikuwa ukirudishwa juu kwa migongo ya watu.

Watu hao mara nyingi hawakuwa wenye mashamba. Mwenye shamba aliishi mjini. Mtunza mizabibu alipogoa, akapalilia, akafunga matawi, akalipwa ujira. Kati ya wawili hao kilisimama Chama cha Watunza Mizabibu cha Vevey, ambacho kumbukumbu zake za kale zilizosalia ni za mwaka 1647. Chama kiliwatuma wajuzi kuzunguka mashamba, shamba baada ya shamba, kukagua kazi. Aliyezembea alionywa, aliyefanya vyema alisifiwa.

Ukaguzi huo ulikuwa na pande mbili, kama upanga. Ulimlinda mwenye mali, kwani mzabibu usiopogolewa vizuri ni hasara yake. Lakini pia ulitoa ushahidi kwamba divai njema haikutokana na jina la tajiri, bali na mkono wa mtu fulani.

Mwaka 1797 ushahidi huo ulitolewa hadharani. Katika sherehe kubwa watunza mizabibu bora walivikwa taji mbele ya umati. Vaud ilikuwa chini ya utawala wa Bern tangu 1536, na mwezi wa Januari 1798 ikatangaza uhuru wake. Haifai kudai kuwa sherehe ilizaa mapinduzi. Ila katika zama za mabwana, taji lilipanda kichwa cha kibarua.

Kwa sababu ya misukosuko ya nyakati, sherehe ya pili ilingoja hadi 1819. Tangu hapo desturi ikawa kukutana takriban mara moja katika kila kizazi: 1833, 1851, 1865, 1889, 1905, 1927, 1955, 1977, 1999 na 2019. Nyimbo, ngoma na mavazi yaliongezeka, na uwanja wa mwaka 2019 ulikuwa na viti vya watu 20,000 hivi. Mwaka 2016 UNESCO iliiweka sherehe hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu usioshikika.

Je, taji latosha? Taji si shamba, wala makofi si mshahara. Aliyevikwa taji mchana alirudi kwenye mizabibu ya mwingine. Hata hivyo, jamii isiyomtaja mfanyakazi wake haitaona haya kumpunja. Inayomtaja imejifunga kwa maneno yake yenyewe. Wageni huja kwa fahari ya sherehe, wakaenda zao. Wajuzi wa chama hawaendi; kila mwaka hupanda tena matuta yale kuangalia kila mzabibu ulivyopogolewa. Bila ukaguzi huo, sherehe ingekuwa ngoma tu.