Amekonda, Amebemendwa, Ana Ukondefu

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumsema aliyepungukiwa na mwili. Yupo kimbaumbau, aliyeumbwa hivyo na pengine haumwi kitu. Yupo aliyekonda kama ng'onda. Huyo tunamuuliza kimemsibu nini, kwa kuwa wembamba ni umbo, kukonda ni tukio.

Neno zito kuliko yote ni kubemenda. Mtoto anayenyonya akidhoofu, mbavu zikahesabika, majirani hunong'ona kwamba amebemendwa: wazazi wamekutana mapema, au mama kashika mimba nyingine. Neno hilo halitaji maradhi, linataja mkosaji. Mama anayeogopa kunyooshewa kidole humficha mwanawe ndani badala ya kumpeleka kliniki.

Kwashakoo nayo imetoka jirani na hapo. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alilichukua jina hilo katika lugha ya Kiga alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, na mwaka 1935 akalitangaza katika jarida la kitabibu. Ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kumpisha mdogo wake. Williams hakumtafuta wa kulaumiwa. Alitazama kilichofuata baada ya ziwa, yaani uji wa mahindi mtupu.

Wataalamu wa lishe wameleta maneno makavu: udumavu ni ufupi usiolingana na umri, ukondefu ni wembamba usiolingana na kimo, uzito pungufu ni kilo zisizolingana na umri. Hili la mwisho ndilo tunalolizoea, nalo ndilo lenye utata, kwani huchanganya mfupi na mwembamba. Tena mzani hudanganyika: mtoto wa kwashakoo huvimba maji, kilo zikaonekana za kuridhisha. Ndiyo maana muuguzi humbonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, aone kama shimo linabaki.

Kwa mtu mzima, kilo za uzito zikigawanywa kwa mraba wa urefu wa mita, jibu likiwa chini ya 18.5 huhesabiwa uzito pungufu. Kinga hulegea, mifupa hupoteza uimara, hedhi huweza kukatika, na mjamzito huwa hatarini kujifungua mtoto asiyefika kilo 2.5.

Ukavu wa istilahi hizi ndio faida yake. "Amebemendwa" huishia kwenye aibu. "Ana ukondefu" hudai kipimo: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa mkononi ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, na matibabu yanaanza bila kuuliza nani alilala na nani.