Filamu za utoto wa Roma zisimsahau mtoto wa mtumwa

Filamu fupi za katuni zinazofunza historia zimeingia madarasani, na baadhi zinapendeza kweli. Mojawapo ni ile ya mwaka 2012 ambayo mwanahistoria Ray Laurence aliwaandikia TED-Ed. Inamfuata Lucius, kijana wa miaka 17 anayeishi Roma mwaka 73 baada ya Kristo. Ni Machi 17, sikukuu ya Liberalia, ambapo wavulana waliweka kando hirizi ya utotoni, bulla, wakavishwa toga nyeupe ya utu uzima. Filamu yake nyingine inasimulia dada wanne, wote wakiitwa Domitia, kwani binti alipewa jina la ukoo wa babake.

Mwanafunzi atajifunza mengi humo. Hata hivyo, wahusika wakuu ni watoto wa wenye nacho. Je, mtoto wa mtumwa yu wapi?

Hebu tuliulize neno lenyewe. Kwa Kilatini, puer ni mvulana. Lakini puer pia ni mtumwa, hata awe na mvi kichwani. Zamani mtumwa aliweza kuitwa Marcipor, yaani puer wa Marcus. Jina lake likawa la bwana wake. Kisheria hakuwa na baba, na aliyezaliwa na mjakazi alikuwa mali ya bwana wa mamake. Kwake Liberalia haikuleta toga. Miaka ilipita, mwili ukazeeka, lugha ikambakisha mtoto.

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda Roma kulielewa hili. Enzi ya ukoloni, mwanamume mwenye wajukuu aliyempikia mlowezi aliitwa 'boi'. Neno hilo lingali katika kamusi zetu. Anayenyimwa utu uzima kwa jina hunyimwa pia haki zinazoandamana nao.

Sisemi filamu hizi zitupwe. Nasema mwalimu akishaizima video, aulize: nani alimsindikiza mtoto wa tajiri shuleni? Alikuwa mtumwa, paedagogus, neno ambalo Warumi walilitoa kwa Wagiriki. Ndilo asili ya 'pedagojia' tunayojivunia vyuoni. Ati taaluma nzima ya ualimu imebeba jina la mtumwa, ilhali watoto wake mwenyewe hatujawatengenezea filamu! Basi swali hilo na liwe sehemu ya somo.