Albamu ya Shangazi

Wanahistoria wetu wanapenda mno makabrasha ya serikali. Waje Tandika, Temeke, waone albamu ya harusi ya shangazi yangu, ya 1983.

Hakuinunua dukani. Ni daftari la shule lililovishwa kitenge; ndani mna picha nne tu, zimebandikwa kwa uji wa unga wa muhogo, na urembo wa pembeni ni zile karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara. Mwaka ule, bwana, serikali ilikuwa ikiwasaka wahujumu uchumi, na sabuni ilikuwa kwa foleni. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilikuwa hakijaanza kazi, na ruhusa ya watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni ilikuja 1984. Karatasi ya maua ungeipata wapi?

Sasa binamu yangu kazipiga picha zile nne kwa simu. Anataka daftari litupwe, eti mende wanafuata gundi. Simu imebeba nyuso tu. Mimi nimelificha. Ukurasa wa mwisho pana kadi ya mchango, kipande cha kalenda kuukuu kilichokatwa kwa mkasi, na jina la jirani kwa kalamu ya risasi. Hakuandika shilingi. Kaandika: sukari, kilo 2.