Nani Anayesema Gazetini? Uandishi wa Habari kwa Kiswahili kutoka Sakania hadi Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja katika historia ya uandishi wa habari wa Katanga: je, Mwafrika aliyeandikiwa habari kwa Kiswahili alikuwa na uwezo wa kuzijibu? Maadili ya uandishi wa habari hufundishwa mara nyingi kama orodha ya makatazo: usiseme uongo, usipokee hongo, usimkashifu mtu. Makatazo hayo ni ya lazima. Hata hivyo, gazeti laweza kuyatii yote na bado likawadhulumu watu linaowaandika, endapo limewafanya kuwa wasikilizaji tu wa habari zao wenyewe.

2.0 Lugha na Reli

Sakania ni mji wa mpakani, kusini-mashariki mwa Katanga. Reli kutoka Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilifika mpakani hapo mwishoni mwa mwaka 1909, na Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Kwa njia hiyo walipita vibarua wengi walioajiriwa kusini kwa ajili ya migodi ya Union Minière. Wenyeji wa Sakania, hususan Walamba na Walala, walikuwa na lugha zao, na Kibemba kilieleweka pande zote mbili za mpaka.

Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia Katanga kwa misafara ya biashara ya karne ya 19. Lakini kukifanya lugha ya kazi na ya utawala kulikuwa uamuzi wa wakubwa. Johannes Fabian ameeleza kuwa uamuzi huo ulitokana kwa sehemu na hofu ya Wabelgiji juu ya ushawishi wa Kiingereza kutoka kusini. Kama ni hivyo, Sakania ndio uliokuwa mlango wenyewe wa hofu hiyo. Jambo hili lina uzito kwa mada yetu, kwani lugha iliyoteuliwa kwa ajili ya kuamrisha haiwi mara moja lugha ya kujadiliana.

3.0 Magazeti ya Kuambiwa

Mwaka 1928 lilianzishwa gazeti la Kifaransa L'Essor du Congo, ambalo wasomaji wake hasa walikuwa walowezi. Kwa Waafrika, mnamo 1934 na 1935 lilitolewa Elisabethville gazeti la Ngonga, chini ya Auguste Verbeken, aliyewahi kuwa mtumishi wa utawala wa kikoloni. Barua za wasomaji Waafrika zilipata nafasi humo, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa wakati ule. Lakini aliyeamua barua ipi ichapwe hakuwa mmoja wao. Ngonga maana yake ni kengele, na kengele huwaita watu, haiwasikilizi.

Gharama ya hali hiyo ilionekana tarehe 9 Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walikusanyika katika uwanja wa mpira mjini Elisabethville, na askari wakawafyatulia risasi. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo kiongozi wao, Léonard Mpoyi. Idadi ya waliokufa haijaafikiwa hadi leo: hesabu za upande wa serikali zilitaja makumi, ilhali masimulizi ya wananchi yanataja zaidi ya mia. Wakati huo Ngonga lilikuwa limekwisha kufa. Kumbukumbu ya siku hiyo ilibaki midomoni mwa watu, na baadaye katika picha za Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa miaka ya 1970. Mwaka 1957 kampuni ile ile ilianzisha gazeti la Mwana Shaba kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mwajiri ndiye aliyekuwa mhariri.

4.0 Sauti kutoka Nje ya Gazeti

Mwaka 1965 André Yav, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika Vocabulaire de ville de Elisabethville. Licha ya jina lake, maandishi hayo si kamusi. Ni historia ya mji kama walivyoiona wapishi na maboi wa Wazungu, katika Kiswahili cha Katanga. Tahajia yake haifuati kanuni za Kiswahili sanifu. Maneno yameunganishwa na kutenganishwa kwa namna inayomtatiza msomaji. Fabian alipoyachapisha mwaka 1990 alilazimika kumtegemea Kalundi Mango, aliyeyasoma kwa sauti ndipo maana ikafunguka. Funzo hapa ni bayana. Kilichoonekana kuwa ukosefu wa elimu kwa Yav kilikuwa, kwa kweli, upungufu wa sikio kwa msomaji.

5.0 Mei 1990

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei mwaka huo huo wa 1990, watu wenye silaha waliwashambulia wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Serikali ya Mobutu ilikiri kifo cha mtu mmoja. Taarifa zilizotoka nje ya nchi zilitaja makumi, na nyingine zaidi ya mia. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, na Mobutu akaukataa. Kama mwaka 1941, idadi iligeuka silaha ya mabishano kati ya wakubwa, na waliokuwapo mabwenini wakabaki pembeni. Mwandishi mwadilifu katika hali kama hiyo halazimiki kuchagua takwimu ya upande mmoja. Analazimika kueleza kila takwimu imetoka kwa nani, imepatikanaje, na nani amezuiwa kusema.

6.0 Hitimisho

Kinshasa ilipata taasisi ya kufundisha waandishi wa habari, ISTI, mwaka 1973, na mwaka 2004 wanahabari wa Kongo walipitisha kanuni zao za maadili. Hizo ni hatua za kuheshimiwa. Lakini mafunzo yanayotolewa kwa Kifaransa hayamwandai mwandishi kumsikiliza shahidi anayesema Kiswahili cha Lubumbashi au Kibemba cha Sakania. Mwandishi hutafsiri, hufupisha, husanifisha; na katika kusanifisha, ushahidi hupotea.

Tangu mwaka 2015 Sakania imo katika mkoa wa Haut-Katanga, na Kasumbalesa, kituo kikuu cha forodha, kimo katika wilaya hiyo. Habari za huko huhesabu malori na tani za shaba. Ni mara chache wenyeji wakaulizwa, na mara chache zaidi wakasomewa kilichoandikwa juu yao ili wakikosoe. Idara zetu za Kiswahili zina wajibu hapa. Lahaja za Katanga zifundishwe kwa wanahabari kama lugha za ushahidi, na maandishi ya Yav yasomwe darasani, kwa sauti.