Tofaa la Mlimani na Siku ya Kuchumwa Kwake

Katika vitabu vya ukumbusho husimuliwa sana habari za makanisa, shule na hospitali. Sisi twapenda kusimulia jambo dogo lililokua kando ya nyumba hizo, yaani miti ya matunda ya kigeni, na hasa swali lililowasumbua wenye miti tangu mwanzo: Tofaa lachumwa lini?

Kwanza yafaa tulitengeneze jina. Mtu wa pwani akisikia tofaa hukumbuka tunda lenye umbo la kengele, jepesi, lenye maji mengi, ambalo mti wake hupenda joto. Hilo silo tunalolisema. Twasema habari ya tofaa la nchi za baridi, ambalo sokoni siku hizi watu huliita epo.

Wamisionari wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891, na Watrapisti wakajenga Gare kabla karne ile haijaisha. Mwaka 1896 serikali ya Wajerumani ilifungua shamba la majaribio huko Kwai, na mwaka 1902 chuo cha mimea kikaanzishwa Amani, upande wa mashariki. Reli ya Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, chini kabisa ya mlima, walowezi wakazidi. Lushoto wenyewe waliuita Wilhelmstal. Watu hao waliona ukungu wa asubuhi na baridi ya mwezi wa Julai, wakadhani wamepata nchi kama ya kwao. Nao Wajerumani wakapanda viazi, kabichi, mapea, maplamu, mapichi na matofaa.

Lakini nchi ilifanana na kwao kwa sehemu tu. Huko Ulaya mtofaa hupukutisha majani yote, ukalala muda wa miezi ya baridi kali, kisha ukaamka na kuchanua maua yake yote pamoja. Kwa hiyo matunda yake ni kama watoto wa mwaka mmoja shuleni, na mkulima huhesabu siku tangu maua hata mavuno, ambayo huangukia mwisho wa kiangazi chao, mwezi wa Septemba au Oktoba. Milimani kwetu baridi ya namna ile haipo. Mti haupati usingizi wake. Huchanua kidogo hapa na kidogo pale, na tawi moja laweza kuchukua ua, tunda changa na tunda pevu. Mwenye kushika kalenda ya Ulaya mkononi hapati msaada wowote. Huko Java, ambako nako hakuna baridi kali, wakulima wa Batu wamezoea kuyang'oa majani kwa mikono baada ya mavuno, ili mti udanganyike na kuchanua pamoja. Ni kazi ya kuchosha, lakini yafaa.

Basi, ikiwa siku haziwezi kuhesabiwa, sharti tunda lenyewe liulizwe.

Wengi hutazama wekundu, nao hukosea. Wekundu hutokana na jua pamoja na ubaridi wa usiku. Upande uliolielekea jua huwa mwekundu tunda likiwa bado chachu, na tunda lililofichwa na majani huweza kukomaa bila kuwa jekundu. Rangi ya kutazamwa ni ile iliyo chini ya wekundu, hasa karibu na kikonyo: ikiwa kijani kama jani, ngoja, ikianza kufifia kuelekea umanjano, wakati umekaribia. Kisha lishike tunda kwa kiganja, ulinyanyue na kulizungusha kidogo. Lililo tayari huachia tawi pamoja na kikonyo chake; lisilo tayari hushikilia, na mwenye kulivuta kwa nguvu hung'oa hata chipukizi la mavuno yajayo. Mwisho, pasua moja. Mbegu nyeupe husema bado. Mbegu za kahawia husema tayari, ingawa kwa aina zinazowahi kuiva mbegu peke yake si shahidi wa kutosha.

Walimu wenye iodini shuleni wanaweza kuonyesha jambo hili vizuri. Tofaa bichi lina wanga mwingi, na likikatwa katikati na kupakwa iodini hugeuka jeusi lote. Linapokomaa wanga huwa sukari, kuanzia moyo wa tunda kwenda nje, na weusi hupungua kwa njia hiyo hiyo.

Lugha yetu yatusaidia hapa, maana hutofautisha kukomaa na kuiva. Tofaa lililokomaa huweza kuiva ndani ya nyumba. Lililochumwa changa husinyaa tu, wala halipati utamu. Pea ndilo la ajabu zaidi: likiachwa liive mtini huoza kutoka ndani, kwa hiyo huchumwa gumu likaivie nyumbani. Jambo hili si geni kwa watu wa migomba. Wazee wetu walivumbika ndizi pevu zamani sana kabla wataalamu hawajaieleza ethilini, hewa inayotoka katika tunda linaloiva na kuyaivisha yaliyo karibu nalo.

Twayasema haya kwa sababu hasara yake hupatikana kila mwaka. Mchuuzi hupanda kutoka bondeni siku atakayo yeye, huutazama mti na kuununua wote. Mwenye mti, akiwa na karo ya mtoto ya kulipa, hukubali kabla matunda hayajapevuka. Mti hukung'utwa, machanga na mapevu hutiwa tenga moja, na mnunuzi wa Dar es Salaam, akiisha kuuma moja chachu, husema kwamba matofaa ya Lushoto ndivyo yalivyo. Mara ya pili bei hushuka. Tumewajua wenye miti wachache waliokataa kuuza mti mzima. Hao hupita chini ya miti yao kila baada ya siku tatu au nne wakiwa na kikapu, wakichuma matano hapa na manane pale, na yale yaliyosalia huyaacha yangojee zamu yake.